Mshono wa Sarafu ya Babu Mhunzi

Maneno yenyewe yaliingia dukani pamoja na gauni la kupunguzwa kiuno. Aliyeyaleta ni mke wa kinyozi, mwanamke ambaye habari zake huwa za moto kwa sababu mumewe huzipokea akiwa ameshika wembe, na mtu mwenye wembe shingoni hasemi uongo. Ndivyo anavyodai yeye.

"Mama Kufuli, umekaa tu hapo unakanyaga cherehani, hujui dunia inakwendaje," alisema huku akivua viatu mlangoni. "Wanakamata watu wenye sarafu za kale."

"Kwa kosa gani?"

"Za bandia! Kuna mtu kapeleka sarafu ya marehemu baba yake, eti ajue kama ina thamani. Wakaigeuza pembeni, wakakuta mshono. Ya halali haina mshono. Basi, palepale, pingu."

"Pingu kwa sarafu isiyonunua hata kiberiti?"

"Bandia ni bandia, mwenzangu, hata kama ni ya mababu. Nishike hapa kiunoni, lakini usinibane sana, bado nataka kupumua."

Mama Kufuli alicheka, akapima, akaandika vipimo, akamsindikiza mteja wake hadi kizingitini. Kicheko kiliishia hapo hapo kizingitini. Jina la Kufuli hakupewa bure. Mtaa mzima ulijua kwamba mama huyu hufunga mlango, akafika barabarani, akarudi kuuangalia, akafika barabarani tena, akarudi. Sanduku la nyuzi lilikuwa na kufuli. Birika la chai kifuniko chake kilifungwa kwa uzi, kisije kikaanguka kikamuunguza mtu ambaye hata hajafika. Shule aliishia ya msingi, lakini hofu aliisomea mpaka juu kabisa.

Na safari hii alikuwa na sababu. Ndani ya nyumba yake, kwenye kopo la vifungo, kulikuwa na sarafu ya kale. Na mtu wa kuipeleka mbele ya wataalamu keshokutwa, mkononi mwake mwenyewe, alikuwa binti yake wa pekee.

Binti alifanya kazi jumba la makumbusho, chumba cha sarafu, kwa mkataba wa muda uliokuwa ukiisha mwisho wa mwezi. Kulikuwa na nafasi moja tu ya kudumu. Angeipata kama utafiti wake ungekubaliwa na mtaalamu mgeni aliyekuwa anakuja Alhamisi. Kwa nafasi hiyo mama alikuwa amekanyaga cherehani miaka ishirini na miwili, na goti la kulia lilimkumbusha kila asubuhi.

Wiki mbili nyuma, binti alikuwa akitafuta kifungo cha blauzi. Akapekua kopo, akapiga kelele kama aliyeumwa na nge.

"Mama! Hii ya nani?"

"Ya Babu Mhunzi, babu yangu mimi. Bibi aliniachia kopo na kila kilichomo. Kwani ina nini?"

Binti alikaa sakafuni nusu ya mchana na kioo chake cha kukuzia, akiigeuza sarafu kwa ncha za kucha, huku mama akiruka miguu yake kila alipotaka kupita. Mwisho akapiga picha mbele na nyuma, akaiviringisha kwenye karatasi laini, akairudisha koponi.

"Usiiguse, mama. Usiifungue kabisa. Nitaipeleka mwenyewe siku mtaalamu akifika."

"Si uipeleke kesho ikakae kazini kwenu?"

"Kazini kwetu nijaze fomu saba halafu niiache kwa mtunza stoo? Yule anapoteza hata kalamu aliyoichomeka sikioni! Hapa kwako ndipo penye kufuli."

"Sawa. Lakini ina nini, mwanangu?"

"Ni mambo marefu, mama. Hutaelewa."

Hutaelewa. Alilitamka bila ubaya, kama mtu anayefunga zipu, akaenda kuoga. Mama alibaki na neno hilo mkononi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Sasa huyo asiyeambiwa ataijua lini?

Basi, turudi siku ya mke wa kinyozi. Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, wateja hakuna. Mama alifunga mlango wa duka, akaufunga tena, akaenda chumbani. Alijiambia anaangalia tu. Kuangalia si kugusa. Akafungua karatasi, akaigeuza sarafu pembeni, akaisogeza dirishani.

Mshono ulikuwepo.

Mtu mwingine asingeuona, au angeuona akadhani ni mkwaruzo. Lakini huyu alikuwa fundi, na mshono ni kitu usichoweza kumficha fundi. Ulizunguka ukingo wote, mwembamba kama uzi. Mahali pamoja ulikuwa umepanda, kama kitambaa kilichounganishwa na mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na uchafu wa kahawia, mkavu, uliong'ang'ania.

Bandia! Akamwona mwanawe amesimama mbele ya wakubwa na blauzi yake nyeupe ya pasi, akitoa kitu hicho mkobani kwa tabasamu. Akaona mtu akikigeuza pembeni. Akaziona na pingu.

Alipiga simu. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake: alipiga simu kwanza.

"Mwanangu, ile sarafu..."

"Mama, niko kwenye kikao. Umeigusa?"

"Hapana."

"Basi tutaongea jioni."

Ikakatika. Na jioni binti alirudi amechoka, akasema, "Mama, chochote kile, baada ya Alhamisi, tafadhali." Lakini hata kama angetaka kusikiliza, alikuwa amechelewa. Mchana ule ule, simu ilipokatika, mama alikuwa amekwisha kata shauri.

Kuitupa asingeweza, ingetafutwa. Kuificha vilevile. Kilichobaki ni kile anachokifanya kila anapoletewa kazi mbovu ya mafundi wengine: kuusawazisha mshono mpaka asiyejua aseme nguo imezaliwa hivyo. Akavaa subana yake ya chuma kidoleni, ile ya kuzuia sindano, akaibana sarafu kwa nguvu juu ya meza, akachukua tupa ya kucha. Madini yalikuwa laini kuliko alivyotarajia. Vuta, vuta, geuza. Vuta, vuta, geuza. Katika muda wa kuchemsha chai mshono ulikuwa umekwisha.

Tatizo likawa jipya. Ukingo sasa uling'aa na sehemu nyingine zote zilikuwa nyeusi, kama nyumba iliyopakwa rangi mlango mmoja. Hata kipofu angeshtuka. Kwa hiyo ikabidi isuguliwe yote. Akaleta majivu, limau, kitambaa na mswaki uliostaafu. Uchafu uliokaa kwenye herufi akautoa kidogo kidogo kwa ncha ya sindano. Kisha, kwa kuwa ni mtu msafi, alikifua kitambaa kwa maji ya moto, akayamwaga maji, akafagia vumbi la tupa, akapiga deki.

Sarafu ikawa kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Akaiviringisha kwenye karatasi ile ile kwa mikunjo ile ile, akarudi kwenye cherehani akiimba. Hakuwa ameimba tangu mwezi uliopita. Mama ni mama, alijisifu kimoyomoyo. Mtoto haadhiriki mama yake yupo.

Alhamisi binti aliichukua bila kuifungua, maana aliagizwa kazini isiguswe na vidole vitupu. Aliipapasa tu kwa nje ya karatasi.

"Niombee, mama."

"Nenda kwa amani. Kila kitu kimekaa sawa."

Saa tisa alirudi. Alivua kiatu kimoja, akakaa kidogo, akavua cha pili. Akaweka karatasi juu ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya shati la mtu.

"Mama, nani ameingia humu ndani?"

"Humu? Aingie nani? Mimi ndiye Kufuli."

"Nani ameishika hii?"

Mama alitazama mkasi, akatazama shati. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Ilikuwa na mshono," alisema. "Ilikuwa bandia, mwanangu. Nilisikia wanakamata watu. Nikautoa. Sasa iko safi, hawawezi kukufanya kitu."

Binti aliifungua karatasi, sarafu ikang'aa juu ya vipande vya shati.

"Ilikuwa bandia," alirudia polepole. "Ndiyo, mama. Ilikuwa bandia! Ndiyo maana niliitaka!"

"Unaitakia nini bandia?"

Ndipo yale mambo marefu yaliposemwa, binti akiwa amesimama, machozi na hasira vikigombania njia moja.

Sarafu halali, alisema, hugongwa mhuri: kipande cha chuma kinawekwa chini, mhuri unashuka kwa nguvu, basi. Haina mshono. Ya bandia ya zamani ilimiminwa: kalibu mbili za udongo zinabanwa pamoja kama mikate miwili, madini yaliyoyeyushwa yanamiminwa katikati, na pale kalibu zinapokutana ndipo mshono unapobaki. Makumbusho walikuwa nazo bandia tano za namna moja, zote na kosa moja, tarakimu ya nane kwenye mwaka imelala ubavu kama mlevi. Vitabu vyote viliandika kwamba zililetwa na wafanyabiashara kutoka mbali. Binti hakuamini. Aliamini zilitengenezwa papa hapa, na fundi wa hapa, na siku alipoiona nane imelala ndani ya kopo la vifungo la mama yake alijua ni fundi gani.

"Babu Mhunzi alikuwa mwizi?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwizi, fundi, vyovyote. Alikuwa ushahidi! Udongo wa kalibu yake ulikuwa bado umo kwenye mshono. Tanuru lake la zamani bado lipo, mama, tungechukua udongo wa pale tukaulinganisha. Zile tano wenyewe walizisugua kabla ya kutuletea. Hii ilikuwa ya mwisho duniani yenye uchafu wake."

"Uchafu..."

"Uchafu ndio uliokuwa mali."

"Lakini si ulipiga picha?"

"Mbele na nyuma! Pembeni nani anapiga picha?"

Kulikuwa na baya zaidi. Mtaalamu alikuwa ameiweka chini ya kioo kwa dakika mbili tu. Akasema mbele ya mkuu wa makumbusho kwamba imepigwa tupa juzi juzi, na mtu aliyetaka ionekane halali. Halafu akauliza imekuwa mikononi mwa nani. Katika kazi ile, kudhaniwa kwamba umekitia mkono kitu ili kiseme unachotaka ni sawa na mpishi kudhaniwa ametia sumu. Hakuna anayesubiri ithibitike.

"Si ungeniambia?" mama alisema.

"Nilikuambia usiiguse!"

"Uliniambia sitaelewa!"

Nje mtu aligonga mlango akiulizia shati lake. Hakuna aliyemjibu.

Kilichomkera mama kuliko vyote hakikuwa kosa lenyewe. Kilichomkera ni kwamba alikuwa ameelewa. Kalibu, mshono, udongo, nane iliyolala: yote, kwa dakika kumi, tena akiwa amesimama na mkasi mkononi.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa mapokezi ya makumbusho, amebeba kifurushi cha kitambaa.

"Una miadi?" aliuliza msichana wa mapokezi.

"Sina miadi. Nina kosa."

"Kosa la nani?"

"Langu mwenyewe. Nataka kulikiri."

Msichana alitafuta kwenye daftari. Kulikuwa na safu ya wageni, safu ya shule na safu ya mafundi bomba. Ya makosa haikuwepo. Akamtuma dirisha la malalamiko. La malalamiko likasema yeye halalamiki, analalamikiwa, aende stoo. Wa stoo alikuwa anatafuta kalamu. Ilikuwa sikioni mwake. Akamrudisha mapokezi. Saa tano mama alikuwa bado kwenye benchi la mbao, ameshahesabu vigae vyote, akiwa na ukweli mzima mapajani na hakuna mtu wa kuupokea.

Aliyemwokoa ni kiu ya chai. Mtaalamu mgeni alipita na kikombe, mzee mwenye upara na miwani mbili, moja machoni na nyingine ikining'inia kwa kamba. Mama alisimama mbele yake kama kizuizi cha barabarani.

"Bwana, ile sarafu niliisugua mimi. Binti yangu hana habari."

Mzee alipumua kama tairi.

"Mama yangu, nimeifanya kazi hii miaka thelathini. Kila sarafu iliyosuguliwa ina mama aliyeisugua. Nikiwakusanya akina mama hao watajaza uwanja wa mpira."

"Basi mimi ndiye wa kwanza kuja na vifaa," alisema, akafungua kifurushi. Tupa. Mswaki. Subana. Na sarafu yenyewe ndani ya karatasi yake.

Mzee alitaka kupita. Kisha macho yake yakarudi kwenye subana. Akaweka kikombe chini, akaichukua, akaigeuza. Ilikuwa subana ya kawaida, chuma chenye vishimo vidogo vidogo vya kuzuia sindano isiteleze.

"Hii uliivaa ulipokuwa unasugua?"

"Bila subana si nitajichoma?"

Akampeleka chumba cha sarafu. Binti alikuwa mezani kwake akipanga makaratasi kwenye boksi. Alipomwona mama yake alifunika uso. Mzee alimpa mama kipande cha risasi, yale madini laini, kisicho na kazi, akamwambia, "Nionyeshe." Mama akavaa subana, akabana, akapiga tupa. Vuta, vuta, geuza. Alipoachia, juu ya kipande kulibaki safu ya vidoa vya duara, kama ndui.

Mzee alivaa miwani zote mbili, moja juu ya nyingine. Akaweka kipande kando ya sarafu, akatazama muda mrefu.

"Jana usiku vidoa kama hivi kwenye sarafu vilininyima usingizi," alisema. "Nikasema binti huyu ana kifaa gani nisichokijua mimi? Kumbe ni cha kushonea."

"Kwa hiyo unaniamini?"

"Nakuamini, mama. Mtafiti hasugui akiwa amevaa subana."

Binti aliondoa mikono usoni. Mzee akauliza haraka, sasa kwa sauti ya mtu anayeona mwanga mlangoni: "Kitambaa ulichosugulia kiko wapi?"

"Nilikifua."

"Maji yake?"

"Niliyamwaga."

"Vumbi la tupa, basi. Lazima lilianguka mahali. Hata punje."

"Nilifagia," alisema mama. "Nikapiga deki."

Mzee alivua miwani ya kwanza, kisha ya pili.

"Wewe ni msafi sana, mama," alisema, na haikuwa sifa.

"Mshono naweza kuurudisha," mama alijaribu. "Mimi ni fundi. Mniachie hadi Jumatatu."

Hapo binti alicheka, kicheko kimoja kifupi kilichomtoka bila ruhusa, halafu akalia kabisa.

Kabla ya kuondoka mama aliuliza kuhusu zile pingu. Mzee alishangaa. Hakuna aliyewahi kufungwa kwa sarafu bandia ya babu yake, alisema. Wakianza hivyo watafunga nusu ya mji na wataanzia na mkuu wa makumbusho. Lisemwalo lipo, walisema wahenga. Wahenga hao hawakumjua mke wa kinyozi.

Jina la binti lilisafishwa kwa barua ya mistari mitatu. Utafiti haukusafishwa, kwa sababu utafiti unataka udongo, na udongo ulikuwa umekwenda na maji ya deki. Nafasi ya kudumu ilipewa kijana anayechunguza vyungu. Vyungu, kwa bahati yao, hakuna mama anayevitilia shaka.

Sarafu ilipokelewa, ikawekwa ya sita kwenye trei, na kikaratasi chini yake: Bandia ya kale. Imeharibiwa. Mtengenezaji hajulikani. Mama alikisoma neno kwa neno, kidole kikifuata kwenye kioo. Mtengenezaji anajulikana, alitaka kusema. Anajulikana kwangu, kwa mwanangu, na kwa kopo la vifungo. Lakini hiyo si elimu, hiyo ni mdomo.

Mke wa kinyozi alipokuja kuchukua gauni alikuwa na mpya. "Mama Kufuli, nasikia sasa bandia ndizo zenye mali, watu wanaziosha wakaziuze..."

"Toka," alisema mama. Kisha akamwita arudi, akamkalisha, akamweleza yote mwanzo hadi mwisho, maana kumfukuza kungezaa habari nyingine.

Wiki ya mwisho ya mkataba wake, binti aliombwa atengeneze tangazo la kubandika mlangoni. Aliandika ukurasa mzima, akamsomea mama kwenye meza ya kukatia. Mama akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hawataelewa."

Binti alimtazama. Akamsukumia karatasi na kalamu.

"Basi andika wewe."

Akaandika. Liko mlangoni hadi leo, kwa mwandiko wa shule ya msingi:

Usisugue sarafu ya kale. Si kwa majivu, si kwa limau, si kwa mchanga, si kwa dawa ya meno.

Usitoe uchafu wake kwa sindano.

Usiitie tupa, hata kidogo, hata pembeni.

Usiifute hata kwa kanga laini.

Usifue kitambaa ilichoviringishiwa. Kilete nacho.

Usipige picha mbele na nyuma tu. Piga na pembeni.

Usidhani bandia haina kazi. Ilete kama ilivyo.

Usiogope pingu. Hakuna pingu.

Usisikilize habari ya sarafu kutoka kwa mtu anayepimwa gauni.

Usiseme hujaigusa kama umeigusa.

Na wewe uliyesoma, usimwambie mama yako hataelewa.